Mwali Aliyeulizwa Kama Anataka Shule

Siku hizi za soko huria, nafasi ya bweni kwa binti wa maskini inagombewa kama sukari ya enzi za foleni. Juzi, katika ofisi ya shule moja hapa Morogoro, nilimkuta mzee wa Kinole amemleta mtoto wa dada yake. Binti kajitanda kanga, macho sakafuni.

“Unataka shule?” mwalimu mkuu akamwuliza.

Binti akaivuta kanga ikamfunika uso.

“Samahani mwalimu,” mjomba akasema, “huyu ni mwali. Hajachezwa ngoma ya kumtoa ndani bado, hasemi na wageni.”

“Hapa si unyagoni. Nafasi ni ya anayeitaka. Aseme mwenyewe.”

Kwa Waluguru kama hawa, mjomba ndiye mwenye kauli. Angemruhusu tu, binti angesema. Mzee akakuna kidevu. “Basi, mwalimu. Mchumba yupo.”

Akamshika mkono waondoke. Mlangoni binti akaung'ang'ania mwimo kwa nguvu zote, bila sauti, mpaka kanga ikamdondoka. Mjomba akambandua kidole kimoja kimoja.

Mwalimu akanigeukia. “Umeona? Hata kusema anataka, hakusema.”

Sasa mwalimu, ulitaka aseme kwa lugha gani?