Mkanda Usio na Mvua

Ukimuuliza Anatoli Nduwayezu kama inafaa mtu kununua upya filamu anayoipenda, eti kwa sababu limetoka toleo lililosafishwa, atakuuliza kwanza nyumba yako umeiezeka kwa kitu gani. Ukisema bati, atakwambia nunua. Ukisema nyasi, atakutazama kwa huruma na kukushauri urudi nyumbani ukamsalimie mkeo.

Elimu hiyo hakuipata shuleni. Alikuwa mkulima wa maharage wa Heru Juu, aliyefika kutoka Burundi akiwa mgongoni mwa mama yake mwaka wa sabini na mbili, na kila Jumamosi alikuwa mkalimani katika banda la video la Bazilio pale Kasulu mjini. Filamu zilikuwa za Kihindi. Kazi yake ilikuwa kukaa kando ya televisheni na kipaza sauti na kuwaeleza watu kinachosemwa. Kihindi hakukijua hata cha kuombea maji, lakini kwa kuwa waliokuja kutazama nao hawakukijua, hakuna aliyemkosoa. Alijiona msomi. Alitembea mjini na kalamu mbili kwenye mfuko wa shati, ingawa kazi yenyewe haikuhitaji kuandika chochote.

Filamu iliyompa jina watu waliiita Mkufu. Jina lake la kweli halikujulikana, maana mkanda wa Bazilio ulianza majina yakiwa yameshapita. Ulikuwa mkanda uliochoka, uliorekodiwa kutoka kwenye mkanda mwingine uliochoka. Rangi zilikuwa zimepauka, nyuso zote zilionekana kama zimepakwa unga, na tangu mwanzo hadi mwisho chenga nyeupe zilishuka juu ya picha. Siku ya kwanza mtu mmoja aliuliza vile vimistari ni nini. Bazilio alikuwa amemkataza kukiri kwamba mkanda ni mbovu, kwa hiyo Anatoli akajibu bila hata kukohoa, "Ni mvua. Nchi ile inanyesha sana."

Watu wakakubali. Walikuwa wakulima, wanajua kwamba mvua haigawiwi sawa. Mmoja tu ndiye aliyetaka kujua mbona yule mama wa kwenye filamu anaanika nguo nje. Anatoli akamjibu kwamba akingoja mvua ianuke, watoto watavaa nini? Na hilo nalo likapita.

Kisha ile mvua ikapata maana. Mkanda ulikuwa umechakaa zaidi pale watu walipopapenda, kwa sababu ndipo walipotaka parudishwe nyuma kila mara. Walipapenda pale mama anapowapata wanawe wawili waliopotezana tangu utotoni, kila mmoja na nusu ya mkufu wake shingoni. Hapo chenga zilimwagika hata nyuso hazikuonekana. Anatoli alieleza kwamba ni marehemu baba yao, analia huko mbinguni. Aliyemuua baba huyo ni Anatoli mwenyewe, kwa maneno yake, kwa kuwa baada ya mwanzo wa filamu hakumwona tena, na mama alivaa nguo nyeupe, na aliwahi kusikia kwamba kwa Wahindi nguo nyeupe ni ya mjane. "Mvua huzidi pale penye uchungu," alikuwa akisema kwa sauti nzito, na wanaume wazima walifuta macho. Jirani yake Ndihokubwayo, mtu asiyetoa chozi hata mazishini, alilia pale kila Jumamosi.

Mwaka wa tisini na saba ikaja mvua isiyohitaji mkalimani, ile ya Elnino. Nyumba ya Anatoli ilikuwa ya nyasi, na nyasi zenyewe zilikuwa zimeoza. Mkewe, Esteri, alikuwa na mimba ya mtoto wa pili. Alihamisha kitanda kona hii na ile, na kila kona ilimfuata na tone lake.

"Baba Nadine," alimwambia, akimwita kwa jina la binti yao wa kwanza, "mimi sitaki nyumba ya bwana mkubwa. Nataka mabati ya chumba cha kulala tu. Mtoto huyu asizaliwe kwenye matope. Kuku wa Bi Rabia wanalala chini ya bati, nimewaona kwa macho yangu."

Bi Rabia alikuwa mke wa Rashid, bwana afya aliyehamishiwa Kasulu kutoka Tanga. Esteri alikuwa akimpelekea mboga, na jambo la wale kuku lilikuwa limemkaa rohoni.

Anatoli alimwahidi. Alipakia maharage yake kwenye lori, akaenda kuyauza Kibondo, ambako siku zile wafanyabiashara walijaa kwa sababu ya kambi za wakimbizi, na mabati yalipatikana kwa wingi. Maharage yalinunuliwa vizuri. Alitoka sokoni akielekea duka la mabati, na mpaka leo husema kwamba miguu yake haikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa la shingo, iliyogeuka.

Muuza kanda mmoja, Isihaka, alikuwa ameweka televisheni ndogo juu ya meza, inatumia betri ya gari. Kwenye kioo alikuwepo mama wa Mkufu. Anatoli alisimama kama mtu aliyeitwa jina. Kwa miaka yote aliyomliza yule mama hakuwahi kuyaona macho yake. Sasa aliyaona, makubwa, na kidevuni aliona kidoa cheusi ambacho hakukijua. Alimpenda yule mama, hilo hana aibu kulisema, maana alikuwa amempa maneno yake yote.

"Hii ndiyo ile ya zamani," alisema Isihaka, "ila Dubai wameitoa upya. Wameiosha, kaka. Picha safi, sauti safi. Ule wa zamani ukiutazama tena baada ya huu utadhani ulikuwa unachungulia kwenye gunia."

Kipya kinyemi ingawa kidonda. Anatoli alijipigia hesabu za kijanja: mkanda huu utajaza banda, banda likijaa Bazilio atamwongeza, akiongezwa atanunua mabati ya nyumba nzima. Kwa hesabu hiyo, kununua mabati siku ile ingekuwa ni kumpunja Esteri. Isihaka akazipokea fedha za mabati zote. Wenzake waliporudi Kasulu walishuka kwenye lori na mabati, majembe na magunia. Yeye alishuka na kitu kinachoenea kwapani.

Esteri alimtazama mikono, kisha akatazama nyuma yake, kama vile mabati yangekuwa yanakuja kwa miguu.

"Yako wapi?"

Anatoli alieleza. Alieleza kuhusu Dubai, kuhusu kuosha picha, kuhusu banda litakavyojaa. Alieleza kwamba chenga zote zimeondolewa, hakuna hata moja. Esteri alimsikiliza mpaka mwisho huku akimwaga maji yaliyojaa kwenye beseni lililokuwa juu ya kitanda.

"Kwa hiyo umenunua mkanda usio na mvua," alisema, akalirudisha beseni mahali pake.

Jumamosi banda lilifurika. Bazilio alikuwa ametangaza kwa kipaza sauti mji mzima, na hata bwana afya Rashid alikuja na Bi Rabia, wakapewa viti vya mbele. Mkanda ulipoanza watu walishangaa. Miti ilikuwa ya kijani, magari yalikuwa mekundu, na nguo ya mama, ile nyeupe ya msiba, ilikuwa ya rangi ya waridi. Baada ya muda ule mshangao ukapoa. Ndihokubwayo alijikunja kwenye benchi.

"*Imvura iri hehe?*" aliuliza kwa lugha ya nyumbani, kisha akarudia ili wote wasikie. "Mkalimani, mvua iko wapi?"

"Imekatika," alisema Anatoli. "Ni kiangazi."

"Filamu nzima?"

Anatoli akaongeza sauti na kusonga mbele, akitumaini kwamba pale penye uchungu patamwokoa. Pakafika. Jua lilikuwa kali. Mama hakuwa analia, alikuwa anacheka na meno yote nje. Na nyuma yake, mahali ambapo siku zote palikuwa na ukungu mtupu, mzee mmoja alikuwa ameketi kwenye kiti, anakunywa chai.

"Yule si ndiye marehemu?" aliuliza Ndihokubwayo.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini Anatoli aliijaribu. "Ni pacha wake. Alikuja kwenye matanga."

"Basi amemrithi mjane," alisema mtu wa nyuma, akitaka kusaidia, na wachache wakaitikia kwamba hilo linawezekana. Ndipo wale vijana wawili wakamkimbilia mzee, wakamkumbatia, na kwa sababu sauti nayo ilikuwa imeoshwa, kila mtu bandani alisikia walivyomwita: "Baba!" Neno hilo halikuhitaji mkalimani Kasulu nzima.

Watu hawakumpiga, na Anatoli husema hilo ndilo lililomuuma zaidi. Walicheka, kisha wakataka mkanda wao. Ndihokubwayo peke yake hakucheka. Alisimama akasema kwa unyenyekevu kabisa, "Hii ni nzuri, ila si yetu. Tuwekee yetu ile ya mvua." Bazilio akatoa mkanda mpya kwenye deki, akautia ule uliochoka. Chenga zikashuka, baba akafa upya, na Ndihokubwayo akapata kilio chake. Anatoli alikalimani akiwa na shavu la moto, na kalamu zake mbili alikuwa ameshazificha mfukoni mwa suruali.

Kesho yake Rashid na mkewe walifika Heru Juu wakiwa na mwavuli mmoja. Bi Rabia ndiye aliyezungumza. Alisema filamu ile aliitazama Tanga akiwa mtoto, pamoja na mama yake, ambaye sasa hayupo.

"Jana nimeuona tena uso ule kama tulivyouona siku ile," alisema. "Nikamwona na mama yangu pembeni, ananimenyea karanga. Shemeji, niuzie mkanda huo."

Anatoli alifungua mdomo ili ataje bei. Esteri alimtangulia.

"Bi Rabia, dada yangu, yale mabati ya kuku mliyaezeka yote?"

Yalikuwa yamebaki mawili, moja likiwa na matundu ya misumari. Anatoli aliutazama mkanda mara ya mwisho, akautoa. Mabati yalikuja siku ileile, na kinyesi cha kuku hakikuwa kimetoka vizuri.

Mawili hayatoshi chumba. Esteri alisimama chini, mkono kiunoni, akaelekeza wapi pa kupigilia. Lile zima likakaa juu ya kitanda, upande wake yeye na mtoto atakayezaliwa. Lile la matundu likakaa juu ya mkeka wa Nadine, matundu yakazibwa kwa lami. Upande wa Anatoli ulibaki na nyasi zake.

Mvua ilirudi mchana huohuo, kabla Anatoli hajashusha ngazi. Waliingia ndani. Esteri alikaa kitandani anamenya maharage mabichi, mkavu, na mlio wa bati ulimfanya atabasamu peke yake. Nadine alikuwa kwenye mkeka wake. Anatoli alivuta kigoda akakaa upande uliobaki, na tone la kwanza likamwangukia utosini, la pili shingoni.

Nadine alimtazama baba yake, akatazama juu, akamtazama tena.

"Mama, mbona kwa baba kunanyesha?"

Esteri hakuinua macho kwenye maharage. Alikohoa kidogo, akaivaa sauti nzito ya bandani.

"Nchi ile inanyesha sana," alisema.

Anatoli akasogeza kigoda, akachukua ganda la maharage, akaanza kumsaidia kumenya.