Kamera Inayovuta Mbali

Picha iliyowekwa juu ya jeneza la baba ilitoka kwenye kitambulisho chake. Hatukuwa na nyingine. Fundi mmoja wa studio Funyula aliikuza mpaka ikajaa fremu, na yule mzee aliyekuwa akicheka mpaka anashika mbavu akabaki pale amekunja uso kama mtu aliyenaswa kwenye msako. Waombolezaji walipita wakimtazama, na mjukuu wake mdogo akauliza kwa sauti huyo ni nani. Nilikasirika mazishi yote, na hasira yenyewe nilikuwa najielekezea mimi. Baba nilikuwa nimempiga picha nyingi kwa simu, kisha simu ikaibiwa stendi ya Busia nikiwa nagombania kiti. Picha zikaenda nayo.

Nikaapa kwamba kwa mama hayo hayatajirudia. Mama yuko Sio Port, kando ya ziwa, anaanika omena, wale dagaa wadogo, tangu mimi sijazaliwa, na nguvu zake zinazishinda zangu. Shida yake ni moja tu. Ukimwelekezea simu, anageuka mtu mwingine. Anakaza shingo, anashusha mikono ubavuni, anafunga mdomo. Watu wa rika lake walizoea kupigwa picha za vitambulisho na serikali, wakiambiwa wasimame wima na wasicheke, na mpaka leo wanatii. Nikimwambia, mama, cheka kidogo, ndio anazidi kukaza.

Kwa hiyo nilihitaji kamera ya kumfikia kwa mbali, kabla hajaniona, na iwe ya bei ya mtu anayeshona sare za shule. Mambo ya kamera nilikuwa siyajui hata kidogo. Lakini kununua najua. Kitambaa sikinunui kwa maneno ya muuzaji. Nakivuta, nakilowesha pembe, nakiinua kwenye mwanga. Nikasema hata kamera itapita njia hiyo hiyo.

Nilianzia Malaba, kwa kijana niliyeelekezwa na mteja wangu, anayeuza vitu karibu na foleni ya malori. Alikuwa na kamera mpya kabisa, bado iko ndani ya nailoni. Akaanza kunimwagia megapikseli, akizitaja kama mtu anayehesabu ng'ombe wa mahari, na bei yake kweli ilikuwa chini. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi nikamwachia aseme. Alipochoka nikamwomba anivutie namba ya lori lililokuwa ng'ambo ya barabara. Akavuta. Namba ikawa kubwa kweli, na ikawa uji. Nikamwambia arudie, ikawa uji tena, na lenzi yenyewe haikusogea hata unywele.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kamera ile ilikuwa inafanya kilekile alichofanya fundi wa Funyula: inachukua kidogo ilichonacho na kukitanua. Haikuwa inamfuata mtu aliko. Nilimrudishia kijana mali yake. Akaniita dada mgumu, nikamwambia ndivyo nilivyolelewa.

Wiki iliyofuata nikaingia duka moja Busia mjini, la mzee mwenye kofia ya kufuma anayeuza vyombo vya mtumba vya umeme. Alinipa kamera kuukuu, imechubuka pembeni. Hakuisifu. Alisema tu, "Washa, mama, ujionee." Nikawasha, lenzi ikatoka nje yenyewe. Nikabonyeza, ikazidi kutoka. Ng'ambo kulikuwa na mwanamke anakaanga chapati. Nikamvuta mpaka nikaona hereni yake na unga kwenye nyusi. Hakuwa na habari nami. Alikuwa anacheka na mteja wake, na nikajikuta nacheka naye.

Sikumwonyesha mzee furaha yangu, mimi si mgeni sokoni. Niliuliza chaja iko wapi, nikataka betri ya pili, nikatia kadi yangu mwenyewe nione kama inaikubali. Ila ilikuwa na kasoro yake: maandishi yote ya ndani yalikuwa ya Kijapani, na hayabadiliki. Mzee alikata vipande vya plasta akabandika mgongoni mwa kamera, akaniandikia pa kutazama picha, pa kufuta, na pa kutogusa kabisa. Akanionya pia kwamba haiongei na simu, picha zitakaa kwenye kadi mpaka nizitoe kwa mkono. Baada ya yale ya stendi, hiyo kwangu ilikuwa sifa. Akapunguza bei kidogo kwa sababu ya Kijapani, nikaondoka nayo kifuani.

Jumamosi nikashuka Sio Port bila kumwambia mama. Nilijificha nyuma ya mtumbwi uliopinduliwa kusubiri kuzibwa ufa, yeye na wenzake wakiwa mbali wanatandaza omena juu ya nyavu. Nilimvuta. Nikampata akiinama, akiinuka, akimtania jirani yake. Nilikuwa nimejisahau kabisa wakati mwanamke mmoja aliyebeba beseni alipoinua sauti na kumwambia mama kwamba binti yake amelala kifudifudi nyuma ya mtumbwi na chombo usoni.

Mama akaja moja kwa moja, mikono imejaa magamba. Akaitazama kamera, akanitazama mimi.

"Unatafuta ya kuweka juu yangu," akasema.

Kwetu, kumwandalia mtu aliye hai kitu cha mazishi ni kumwitia kifo. Watu wameacha kusalimiana kwa madogo kuliko hayo. Nilikuwa nimepanga kusema ni zawadi, ni mchezo tu. Uongo ukakataa kutoka. Nikamwambia ndiyo. Nikamwambia kwamba sitaki akae pale kama baba alivyokaa, watoto wakiuliza ni nani. Nikaanza kulia, mtu mzima mimi, mchanga umenijaa magotini, nikingoja anilaani.

Alijifuta mikono kwenye leso, taratibu, kidole kimoja kimoja. Kisha akasema nimwonyeshe.

Nikabonyeza palipobandikwa plasta ya kwanza. Alikuwa pale, kichwa nyuma, mdomo wazi mpaka lile pengo la jino linaonekana, omena zimemganda hadi kwenye viwiko. Aliinama juu ya kioo muda mrefu. Nilidhani atalalamikia pengo. Akauliza kama inaweza kusafishwa kwenye karatasi, nikasema inaweza.

"Basi safisha sasa," akasema. "Usinifungie kabatini ungoje nife. Itundike niione mwenyewe. Na uiweke karibu na baba yako, amekaa na uso ule peke yake siku nyingi."

Nikaisafisha Busia, kubwa sawasawa na ya baba, na haikuwa uji. Sasa ziko ukutani Sio Port, bega kwa bega. Mama amewaonyesha wageni wote, hata mwenye kuja kununua omena za bakuli moja anaingizwa ndani kwanza. Na kamera haionei haya tena. Huniita mwenyewe, ananiagiza nikae mbali, nivute.

Mwezi uliopita tulikuwa pale na yule mjukuu aliyeuliza siku ya mazishi, ameshaota meno mapya. Alisimama chini ya picha mbili akizilinganisha. Akauliza kwa nini babu amekasirika na nyanya anacheka.

Mama alikuwa anachagua mchele, hakuinua kichwa.

"Hakukasirika," akasema. "Aliambiwa tu asicheke. Kaa hapa nikwambie alivyokuwa anacheka."