Kikaango cha Utepe wa Buluu

Siagi ikiungua pamoja na nyama, mimi hukimbilia kufungua dirisha. Jana nilimkaangia binti yangu nyama kwa siagi hapa Randburg, huku kusini mwa Afrika, harufu ikapanda, na mara nikawa na miaka tisa, niko jikoni mwa watu kule Norwood. Niwaambieni kilichotokea, maana nimechoka kukibeba peke yangu.

Mama alikuwa mfanyakazi wa ndani kwa Bibi Rivka, Myahudi aliyeletwa kwa meli kutoka Lithuania akiwa msichana mdogo. Sisi tulikaa chumba cha uani. Kwa sheria ya dini ya Bibi, nyama na maziwa havikukutana kamwe: sinki mbili, vyombo vya utepe mwekundu vya nyama, vya utepe wa buluu vya maziwa. Mama, Mha wa Kigoma, aliishika sheria ile kuliko jamaa za Bibi wenyewe. Kwa kuogopa kukosea, ugali wetu aliusonga uani kwenye jiko la mafuta ya taa, wala kijiko cha Bibi hakukiazima. Bibi alizoea kusema kwamba kwao Lithuania wote waliuawa, na kilichobaki cha kijiji chao kimo ndani ya makabati yale. Mimi nilidhani anazungumzia vikombe.

Mjukuu wake, Talia, alisoma chuo kikuu Braamfontein, na ndiye pekee aliyekuwa akija kumtazama. Ijumaa moja mchana aliingia na njaa yake, akachukua kikaango cha utepe wa buluu, akatia siagi, akatupia soseji za ng'ombe. Mimi nilikuwa mezani na hesabu zangu za shule.

"Dada, hicho ni cha maziwa," nikamwambia.

"Eish, tumepata rabi wa darasa la tatu." Akacheka. "Kikaango ni kikaango, mdogo wangu. Mungu hana kazi nyingine?"

Akanikatia kipande. Nikala. Kilikuwa kitamu, sitadanganya.

Bibi akaja na fimbo yake, akasimama mlangoni, akanusa.

"Nani?"

Talia akainamia simu yake. Mama akaingia kutoka uani na kapu la nguo, na Bibi akamgeukia yeye.

"Miaka sita, Neema. Miaka sita nimekuamini."

Nikafungua mdomo. Mama akanitolea jicho, lile la kanisani, nikaufunga.

"Nisamehe, Madam," akasema.

Jumapili tukaondoka. Talia alitubebea begi mpaka getini, akasema sharp, yaani poa, tutaonana. Hatujaonana. Tulihamia Diepsloot, kibanda cha mabati nyuma ya spaza, kiduka cha Mrundi mmoja. Mvua ilitukuta ndani kama nje, na shule nikakaa muhula mzima bila kwenda.

Miaka yote niliamini kwamba Bibi alidanganyika. Kisha nikazaa. Binti yangu nikimsemesha Kiswahili hunijibu Kiingereza, na ninameza mengi ili asinikimbie. Ndipo nikakumbuka vizuri: sahani ilikuwa mbele ya Talia, uma mkononi mwake, midomo yake inang'aa mafuta. Bibi hakuwa kipofu. Alimfukuza mtu pekee aliyeishika sheria yake, ili asimpoteze mjukuu aliyeicheka.

Mwezi uliopita nilimuuliza Mama kwa nini alinyamaza. Alikuwa anamsuka binti yangu, hata macho hakuinua.

"Alijua," akasema. "Ningemtaja Talia mbele yake, yule msichana asingerudi tena. Mzee wa watu angebaki na nani?"

"Na mimi je, Mama?"

"Wewe ulikuwa na mimi."

Najua wapo watakaosoma hapo wakafuta machozi. Mimi sikufuta kitu. Alimwonea huruma bibi wa watu, akamlaza mwanawe kwenye maji, na hakuniuliza. Nikamwinua binti yangu kutoka mapajani mwake, nikaondoka naye, kichwa kimesukwa upande mmoja.