Sitini Jumlisha Ishirini, Gawa kwa Mbili

Kila mwaka huwategea wanafunzi wangu swali hili. Gari limekwenda nusu ya njia kwa kilomita sitini kwa saa, na nusu iliyobaki kwa ishirini. Wastani wa mwendo ni ngapi? Darasa zima linajumlisha, linagawa kwa mbili, linapaza sauti: arobaini! Nami nacheka, napiga kosa kubwa ubaoni. "Jibu ni thelathini. Pale mlipokwenda polepole ndipo mlipokaa muda mrefu!" Nilijiona bingwa kweli.

Siku baba alipofariki nilikuwa Rufiji, nikisimamia mtihani. Mdogo wangu alinipigia kutoka nyumbani Temeke, saa sita na robo mchana.

"Braza, mzee katutoka. Anaoshwa. Sema utafika saa ngapi, sie tupange na msikiti."

Baba alikuwa seremala wa Keko, mtu wa maneno machache. Kwangu alitaka jambo moja tu: mimi, mwanawe mkubwa, nishuke kaburini nimpokee. Alilirudia mara nyingi, hadi nikawa namkatiza, maana sikupenda kulisikia.

Njia ilikuwa kilomita mia na ishirini. Nusu ya kwanza lami safi, sitini naipata. Nusu ya pili barabara inajengwa, halafu foleni mpaka mjini. Wakati wa kuja nilitambaa hapo kwa ishirini. Nikasimama kando ya kigari changu, simu sikioni, machozi yakinitoka, nikahesabu harakaharaka. Arobaini. Saa tatu.

"Natoka saa sita na nusu. Saa tisa na nusu niko hapo," nikasema. "Tutamzika baada ya alasiri."

Nusu ya kwanza ilichukua saa moja. Ya pili ilinila saa tatu nzima. Nilishupaa nikijiambia mbele patafunguka, mpaka saa tisa na nusu ikanikuta nyuma ya greda, mshale umelala kwenye ishirini. Hapo ndipo nikaliona kosa langu, lile lile la ubaoni. Nikapiga kelele peke yangu garini. Nikapiga simu, nikarudia, nikarudia tena. Walikuwa wameshazima simu zao kwa ajili ya swala.

Nilifika makaburini saa kumi na nusu. Walikuwa wanamwagia maji tuta la udongo. Mdogo wangu alikuja, kanzu imechafuka hadi magotini.

"Nani kampokea?" nikauliza.

"Mie na jirani. Tumekungoja weee, braza, wazee wakaona labda umekwama huko. Ungesema tu saa kumi na nusu, tungekusubiri. Magharibi bado kabisa."

Nilimshika mkono wake wenye udongo. Nilishindwa kumwambia kwamba hesabu hiyo ndiyo ninayoifundisha.