Chaki Juu ya Bloku

Wiki jana nilipita Shauri Moyo kutafuta gasketi, nikajikuta nimesimama pale fundi jirani yetu alipokuwa akifungulia injini. Siku hizi pana ukuta wa mabati na vibanda vya viatu. Moshi wa nyama choma bado unatoka upande wa soko la Burma. Uliponifikia puani, mkono wangu ulishaingia mfukoni kutafuta chaki.

Nilikuwa msichana wa darasa la tano. Baba alikuwa na pikapu ya kubebea mizigo ya wauzaji wa soko la Gikomba, na ndiyo iliyotuweka mjini. Alasiri moja pikapu ilifika mlangoni injini ikichemka. Baba alifungua kwa kitambaa kifuniko cha rejeta, lile tangi la maji ya kupozea injini, akaniambia, "Iache ipoe kabisa, ndiyo utie maji," akaenda kuoga. Sikungoja. Nilitaka atoke akute nimemaliza. Nilimimina jagi zima la maji baridi, nikasikia ndani ya injini sauti ndogo, tik, kama glasi iliyoguswa na kijiko. Sikumwambia mtu.

Jumamosi, pikapu ikiwa imeanza kumaliza maji, fundi aliifungua injini yote. Pistoni alizipanga juu ya gunia kwa kufuata silinda zake, kwani, alisema, kila moja imezoea nyumba yake. Ikabaki bloku tupu, kiwiliwili cha chuma cha injini, ikinuka oili iliyoungua. Mama alisimama mlangoni na kikombe cha uji uliopoa. Alikuwa ameshatuambia: bloku ikiwa na ufa, yeye na sisi watoto tunarudi kijijini kwa nyanya, baba atafute lori la mtu la kuendesha.

"Angalia vizuri, fundi," baba akasema.

"Mzee, hapa siangalii na macho. Macho yanadanganya." Akaipaka bloku mafuta ya taa, akaipangusa mpaka ikakauka. "Sasa ni chaki. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha yatatoka yenyewe. Mama, wewe ni mtu wa shule, huna chaki?" akaniuliza mimi.

Nilikuwa nayo. Ningeweza kusema sina. Baba akanitazama, nikaitoa.

Bloku ikawa nyeupe. Tukangoja. Kisha, karibu na silinda ya tatu, mstari mweusi ukaanza kujichora, mwembamba kama unywele, ukirefuka bila kuguswa na mtu. Nilirudi nyuma hatua moja. Fundi aliutazama, halafu akanitazama mimi.

"Ni nini kimeipasua?" baba akauliza.

"Chuma kimezeeka, mzee. Hata wewe uko njiani."

Baba akacheka kidogo, akakaa chini juu ya tairi. Fundi akanirudishia kipande cha chaki, akaninong'oneza, "Siku ingine, ipoe kwanza."

Mwezi haukuisha kabla hatujahama. Baba nikawa namwona Krismasi hadi Krismasi.

Injini nilijifunza mwenyewe, kwa vitabu vya mitumba na bloku zilizotupwa. Sasa najua ufa kama ule huweza kuwa wa miaka mingi, na huweza kuwa wa jagi moja. Hakuna chaki inayotenganisha. Fundi alishafariki, na baba pia, akiamini kwamba chuma kilizeeka. Mimi kila nikitia maji kwenye rejeta, hata iwe imelala baridi usiku kucha, huzuia pumzi, nikisikiliza kama itasikika ile tik.