Mwaija na Zamu Aliyoibadilisha

Watu wa Kwemkuyu walikuwa wakisema kwamba Mwaija binti Sadala akikuonea wivu, hata kuku wako wanaacha kutaga. Walimzulia, lakini hawakumzulia bure. Mwaija alikuwa na wivu, na mimi sitamfichia, maana mwenyewe hakuuficha. Alimwonea wivu jirani aliyeezeka bati. Alimwonea wivu mama aliyejifungua pacha. Siku moja alimwonea wivu hata mfiwa, kwa kuwa msibani kwake walikuja watu wengi kuliko waliokuja kumzika mzee Sadala, baba yake Mwaija.

Lakini hao wote walikuwa wa kupitia tu. Wivu wenyewe, ule wa kulala nao na kuamka nao, ulikuwa wa Mashavu, mke mwenzake. Muhidini alimwoa Mashavu mwaka ule ule tuliohamia kijiji cha ujamaa, na Mwaija alikuwa akisema kwamba serikali ilimhamisha mara moja, mumewe akamhamisha mara ya pili. Mashavu mwenyewe hakuwa na makuu. Alikuwa mdogo kwa miaka kumi na mitano, mpole, wa sauti ndogo, na upole huo ndio uliomchoma Mwaija kuliko matusi. Mtu akikutukana, unamrudishia. Huyu anayekuitikia kila siku "sawa, dada", utamrudishia nini?

Nyumba yao iliendeshwa kwa zamu. Siku mbili za Mwaija, siku mbili za Mashavu, alfajiri kwa alfajiri. Mwenye zamu ndiye aliyepika, ndiye aliyepokea wageni, na ukitokea mwaliko, iwe harusi au matanga, ndiye aliyefuatana na mume. Sifa ya chakula ni yake na lawama ya chakula ni yake. Muhidini hakuwa mtu wa mambo mengi, lakini kwenye zamu alikuwa mkali kama hakimu. Alisema siku atakayoipindisha ndiyo siku atakayohamia zizini kwa mbuzi.

Basi mwaka wa sabini na mbili shamba letu la pamoja likatoa pamba kuliko vijiji vyote vya tarafa. Tulidhani tutapewa trekta. Wapi! Zawadi ikawa safari ya Pangani. Mabalozi wa nyumba kumi, kila mmoja na mke mmoja, mmoja tu kwa kuwa lori lenyewe lilikuwa dogo, wapelekwe pwani, na huko wakodiwe mashua ya injini, yao peke yao, asipande mtu mwingine. Iwapitishe mtoni, iwatoe baharini mpaka kisiwa cha mchanga, wale samaki, wanywe madafu, walale mjini, kesho yake warudi. Na Muhidini alikuwa balozi.

Habari hizo aliyezileta ni bwana shamba Hiza, Msambaa wa Kwashemshi, na kabla ya kwenda kwa mwenyekiti alipitia kwa Muhidini kunywa togwa. Togwa ya Mwaija ilijulikana mpaka Mkata. Hiza akanywa bakuli mbili, ulimi ukalegea, akamwambia Mwaija kila kitu kabla hata mkutano haujaitwa: safari ni Jumamosi, ila tafadhali mama, usimwambie mtu.

Mwaija hakumwambia mtu. Aliingia jikoni akakaa chini.

Mjue kwamba mzee Sadala aliwahi kufanya kazi ya mkonge huko Pangani, enzi za Mwingereza, akibeba marobota hadi majini. Aliporudi alikuwa akimsimulia binti yake bahari. Akamwambia maji yake yana chumvi kiasi kwamba ukipikia mboga, mboga haidai chumvi nyingine. Mwaija akayapeleka maneno hayo kisimani, na watoto wenzake wakacheka mpaka wakakaa chini. Maji yenye chumvi! Nani aliyamwagia chumvi yote hiyo? Toka siku hiyo wakamwita Binti Muongo. Aliwapiga wawili, akapigwa na watatu. Baba yake akaahidi kumpeleka akaonje mwenyewe, kisha akafa kabla hajampeleka. Sasa Mwaija ana miaka arobaini na mitano, hajawahi kuvuka Muheza, na jina la Binti Muongo wapo wazee wanaolikumbuka bado.

Akahesabu kwa vidole. Alhamisi na Ijumaa ni zake. Jumamosi na Jumapili, za Mashavu. Akahesabu tena kuanzia mwezi mwandamo, vidole vikampa jibu lile lile. Yaani bahari ya baba yake ikaonwe na Mashavu, ambaye hata hakuwahi kuiuliza?

Akatoka nje akamkuta Mashavu anapembua mahindi. Akamwambia kwa sauti tamu, sauti ambayo Mashavu hakuwahi kuisikia tangu aolewe, kwamba ana msiba Mpale, hana budi kwenda kuhani Alhamisi na Ijumaa. Je, mdogo wangu hawezi kumshikia siku hizo mbili, naye amlipe kwa kumshikia Jumamosi na Jumapili?

"Sawa, dada," akasema Mashavu.

Kesho yake mkutano ukaitwa, safari ikatangazwa, na siku ikatajwa. Mashavu alimtazama Mwaija mara moja tu, kisha akatazama chini. Mwaija alirudi nyumbani akiimba. Alhamisi akaenda Mpale kweli, akalala kwa binamu yake usiku mmoja ili uongo upate kuiva, na Ijumaa mchana alikuwa amerudi, amefua kanga zake mpya, amezianika mahali Mashavu atakapopita.

Kanga hazijakauka, habari ikafika. Lori limevunjika gia Segera, kifaa kinatoka Tanga. Safari imesogezwa mpaka Jumatatu.

Mwaija hakushtuka sana, maana kwa hesabu ya zamani Jumatatu na Jumanne zilikuwa zake. Akaenda kumwambia mumewe aandike jina lake. Muhidini akajikuna kichwa.

"Kesho na keshokutwa ni za nani?"

"Zangu, baba Isihaka. Tumebadilishana."

"Na Jumatatu na Jumanne?"

"Zangu vilevile. Hizo ni za asili."

"Siku nne mfululizo!" Muhidini akatikisa kichwa. "Mama Isihaka, katika nyumba hii hakuna mwanamke wa siku nne. Ukitoka wewe anaingia mwenzio. Jumatatu ni ya Mashavu."

Hapo ndipo Mwaija alipoona alichojifanyia. Kama asingegusa kitu, kama angekaa kimya kama gogo, lori lingevunjika vilevile na Jumatatu ingekuwa yake, halali yake, bila uongo na bila safari ya Mpale. Hakuna aliyempora. Mchimba kisima ameingia mwenyewe, na mtu wa kumlaumu hayupo. Sasa wivu ukikosa wa kumlaumu unafanya nini? Unamtafuta aliye karibu.

Na kama haitoshi, mabalozi wakaagiza togwa ya Mwaija iende safarini, kibuyu kizima, wakanywee ndani ya mashua. Pwani, walisema, kuna madafu na juisi ya ukwaju, lakini togwa ya kweli hakuna. Muhidini alimpa ujumbe huo kwa furaha, mume wa watu, akidhani anamfariji. Mwaija alihisi kama ametemewa mate. Togwa yake inafaa kupanda mashua, yeye hafai.

Akaipika. Uji wa mahindi, kimea cha ulezi, kama kawaida yake. Kisha akajifunga kanga akaenda nyuma kwa Dorkasi, mke wa Ernesti, Wasambaa wa kanisani waliokuwa wakipika pombe ya sherehe, akaomba machicha. Dorkasi akacheka, akamuuliza mswalihina kama yeye ana kazi gani na machicha ya pombe. Mwaija akasema ni ya kuku. Jumapili magharibi alikuwa ameyatia kibuyuni, bakuli zima, akakoroga, akaziba kwa gunzi la mahindi, ichachuke usiku kucha.

Alichotaka ni hiki. Mwenye zamu ndiye anayemimina. Mashavu atasimama ndani ya mashua, mbele ya mabalozi wote, mmoja wao mwalimu wa chuo cha Kurani, na atawamiminia Waislamu watu wazima pombe. Watauliza, na Mwaija atasema aliitoa nyumbani ikiwa togwa, labda mwenzake aliiacha juani.

Jumatatu asubuhi lori likaja. Mashavu akapanda na kanga zake za kila siku, akakipakata kibuyu kama mtoto. Akainama pembeni ya bodi akamuuliza Mwaija, "Dada, nikuletee nini?"

"Niletee kibuyu changu," akasema Mwaija, akageuka.

Siku mbili hizo hakukalika naye. Akiwa anapalilia alikuwa akisimama na jembe mkononi anasema peke yake, sasa wamefika Muheza, sasa wanaona minazi, sasa anapanda mashua, anakaa mahali pangu. Alimwona Mashavu anachovya mkono majini. Picha hiyo ilimuuma kuliko zote. Kuna wakati alikumbuka machicha, akasema moyoni laiti angeyamwaga, kisha akamwona tena Mashavu anachovya mkono, majuto yakamtoka.

Jumanne alasiri wakarudi. Muhidini alishuka kwenye lori akiwa anasimulia, na hakunyamaza mpaka kuswali. Mashua ilikuwa na turubai la kivuli! Nahodha alikuwa na jiko la mkaa humo humo ndani ya mashua, anakaanga samaki aina ya changu huku anaendesha kwa mguu! Walikula wali wa nazi, wakala pweza, kitu kama mpira lakini kitamu. Dafu wewe unakatiwa, unashikiwa. Kisiwani mchanga mweupe kama unga wa muhogo. Mwalimu wa chuo alitapika mara tatu akasingizia pweza. Mwaija alisikiliza yote hayo akiwa anakuna nazi ya chakula cha kesho, na nazi ile ilikunwa mpaka kifuu.

"Ila huyu mwenzio alituangusha," akasema Muhidini akicheka. "Togwa yako yote kaimwaga. Kaiacha juani, imechacha. Tumemcheka toka Muheza mpaka Pangani, na mwalimu wa chuo anamwita Mama Kibuyu Kitupu. Asante yako ya kupika ndiyo hiyo."

Mwaija akakitazama kifuu. Juani wapi, na mwenyewe alimwona amekipakata kibuyu ndani ya kivuli cha kanga?

Baadaye kidogo Mashavu akaja jikoni. Akakiweka kibuyu chini mbele ya Mwaija, na kibuyu kilikuwa kizito.

"Gunzi liliruka Muheza," akasema polepole. "Nikaonja. Dada, nimezaliwa jirani na wapika pombe, machicha nayajua."

Mwaija akangoja. Sasa atasema, sasa atapiga kelele, sasa nyumba nzima itajua. Tuseme kweli, aliomba iwe hivyo, maana kelele angezijibu.

"Nimekisuuza mara nne," akasema Mashavu. "Baba Isihaka alinisimulia mambo ya mzee wako, zamani. Basi pale kisiwani nikashuka nikakijaza. Umesema nikuletee kibuyu chako."

Akatoka.

Mwaija akalitoa gunzi. Akamimina kiganjani, akaonja kwa ncha ya ulimi. Kisha akamimina tena akanywa kabisa, akakohoa. Chumvi! Chumvi tupu, kama alivyosema mzee Sadala, neno kwa neno. Akakaa palepale sakafuni akalia, na sitawaambia kwamba alilia kwa shukrani, kwa sababu nilimjua. Alilia kwa kuwa baba yake hakuwa muongo. Na alilia kwa wivu. Hata wema aliuonea wivu: kwa nini awe Mashavu mwenye moyo wa kufanya hivyo, asiwe yeye? Kama wangebadilishana mahali, angemletea Mashavu nini? Alijua jibu, na hakulipenda.

Jumatano ilikuwa zamu yake. Alitwanga kisamvu, akakipika kwa nazi, akachota kikombe kimoja cha maji ya kibuyu akatia. Chumvi ya dukani hakuigusa. Akasonga bada, ugali wa muhogo, akaita watu.

Muhidini alimega tonge la kwanza, akachovya, akala. Akamega la pili. Alisema mboga hii imekolea, haijawahi kukolea hivi tangu amwoe, na akamwita mama Isihaka fundi.

Sasa mimi nimekaa na Mwaija kijiji kimoja miaka mingi. Nilimwona akigombea sifa ya mchicha. Nilimwona akigombea sifa ya kisima kilichochimbwa kabla hajazaliwa. Sifa ikimwangukia haiinuki tena. Siku ile alimtazama Mashavu, aliyekuwa amekaa upande wa pili wa sinia akila kwa vidole vitatu, macho chini kama kawaida yake, na bado alimchukia kidogo.

"Aliyeunga ni Mashavu," akasema.

Muhidini akaacha kutafuna. "Leo si zamu yako?"

"Zamu ni yangu. Aliyeunga ni Mashavu. Kula."