Kona ya Zulia

Leo nimelifua zulia la bibi hapa uani, na sufu iliyorowa imetoa harufu ileile ya mnyama. Imenirudisha kwenye majlisi, chumba cha wageni cha nyumba yetu mjini Ibra, nilipokuwa mdogo, siku lilipoletwa.

Aliyelileta alikuwa Mturkmeni wa Afghanistan. Bibi alikuwa kamwagiza, na mkewe ndiye aliyelifuma, huko kwao kwenye vita. Bibi akalipapasa mpaka akafika kona moja ambayo maua yake yamepinda.

"Hapa mkeo kasinzia, baba?" akamtania kwa Kiarabu.

Yule mtu hakucheka. Alisema kwao kazi zimekufa zote, imebaki kufuma tu, na mama akifuma humlambisha mtoto ulevi wa afyuni kidogo ili alale. Siku ile kitoto chao kichanga kililala. Mkewe akafurahi kimetulia, akafuma mpaka magharibi. Kumbe hakiamki tena.

"Kona hii kaifuma baada ya maziko," alisema. "Wewe ulikuwa ukilingoja."

Bibi akammiminia kahawa. Yule mtu alipoondoka, Bibi akatwambia, "Hiyo kona itieni chini ya mto." Ikatiwa. Miaka yote wageni wamekaa juu yake, wamekula halua, wamesifu rangi. Hakuna hata mmoja aliyeuliza nani kalifuma. Potelea mbali sifa zao.

Sasa zulia ni langu, na kona ile iko wazi. Mwanangu akilala juu yake kimya, namwamsha.

"Mwache mtoto alale, we mwanamke," mume wangu hunambia.

Simwachi. Mpaka alie.